Beseni la Mwalimu wa Jiografia

Mwalimu wetu wa Jiografia hakukubali kwamba kuna mtu aliyewahi kusimama. Alikuwa akikwambia, "Simama," unasimama, halafu anakuuliza unafanya nini. Ukijibu, "Nimesimama, Mwalimu," umekwisha. "Nani kakwambia umesimama? Unakwenda mashariki, tena kwa kasi kuliko gari lolote lililowahi kupita Kisarawe. Wewe na dawati lako, na mimi, na kengele, na kuku wa mwalimu mkuu. Haya kaa, ingawa hata ukikaa hujakaa." Darasa zima tulicheka, na aliyesimamishwa alicheka kuliko wote, maana kukamatwa namna hiyo na Mwalimu tuliona ni heshima.

Nilimpenda. Nalisema mapema ili asije mtu akadhani naandika kwa kinyongo, kwa sababu kinyongo kipo na nitakifikia. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Mbwawa, nashona sare za shule na mapazia, kuandika si kazi yangu. Lakini kuna jambo lililobaki kati yangu na yule mzee, na limenikaa. Wateja wameanza kuniuliza kama naumwa.

Alikuwa mwembamba, mrefu, suruali yake imenyooshwa kwa pasi ya mkaa mpaka ule mstari wa mbele ungeweza kukata mkate. Shati jeupe siku zote, na chaki mfukoni, hivyo mfuko wa shati ulikuwa mweupe zaidi ya shati lenyewe. Hakuwa na mwili wa kutisha wala sauti ya kutisha. Ukikosea alinyamaza, akakutazama, na ungetamani apige kelele kama walimu wengine ili yaishe.

Darasani alikuja na vitu. Kitabu cha Jiografia kilikuwa kimoja kwa watoto sita, wawili wanakiona na wanne wanakisikia, basi yeye alikiacha ofisini. Alikuwa na gurudumu la baiskeli alilolilaza juu ya kigoda, likazunguka kama meza, na juu yake akafunga sinia ya mkewe, ile pana ya shughuli. Anainyunyizia unga wa muhogo mpaka inakuwa nyeupe, anaizungusha taratibu, halafu anaviringisha gololi kutoka katikati kwenda ukingoni. Gololi ilikwenda moja kwa moja, sote tulikuwa tunaitazama. Lakini sinia ikisimama, mstari uliobaki kwenye unga ulikuwa umepinda.

"Nani kaupinda?" anauliza.

Tulijibu kila aina ya ujinga. Upepo, Mwalimu. Sinia imeinama, Mwalimu. Kuna mmoja alisema shetani.

"Gololi haina kosa," alisema. "Imekwenda ilikokuwa inakwenda. Aliyehama ni sinia."

Hapo ndipo alipotufundishia upepo. Akaizungusha sinia kwa upande wa mishale ya saa na kusema hapo ndipo tulipo sisi, kusini ya ikweta, na mstari ukapinda kushoto. Akaigeuza, akasema hao ni wenzetu wa kaskazini, mstari ukapinda kulia. Hewa ikitoka kusini kwenye baridi inataka kuja moja kwa moja ikweta kwenye joto, lakini dunia chini yake inateleza kwenda mashariki, na huku kwetu inateleza kwa kasi kuliko kule hewa ilikotoka, basi hewa inaachwa nyuma. Kwa hiyo kusi inatufikia ikitokea kusini mashariki, kama mgeni aliyepitia njia ya mzunguko. Alitutoa nje mwezi wa saba kuangalia kanga zilizoanikwa kwenye nyumba ya jirani wa shule, tukaona zinapepea kuelekea kaskazini magharibi. Mwenye kanga akatoka kuuliza wanafunzi arobaini na nne wanatafuta nini kwenye nguo zake.

Na upepo huohuo, alisema, ukishavuka ikweta unabadilisha mkono, unaanza kupinda kulia, unaelekea India na mvua zao. Alilipenda sana jambo hilo. Alilisimulia kama mtu anayesimulia habari za kijana wa mtaani aliyekwenda kufaulu mbali. Maji ya bahari nayo ni hivyohivyo, alisema, yanasukumwa na upepo na kupindishwa na mzunguko wa dunia, mpaka bahari yote iliyo kusini yetu inazunguka polepole kinyume cha saa kama uji unaokorogwa na mtu asiye na haraka. Mkondo unatoka mashariki huko, unavuka maji yote yale, unagonga pwani yetu na kugawanyika, mwingine unapanda kupita Dar es Salaam mpaka Mombasa, mwingine unashuka Msumbiji.

Mtu huyu aliyejua mikondo ya bahari zote hakuwa amewahi kulowesha miguu baharini. Tulikwenda naye ziara ya shule, tukafika ufukweni, yeye akasimama mchangani na soksi na viatu, mikono nyuma, akituelekeza kwa kidevu mkondo unakopita. Wimbi likija anarudi hatua mbili. Likiondoka anarudi palepale. Tukamsihi avue viatu, akasema bahari ni ya kuiheshimu na yeye anaiheshimu kutokea hapo alipo. Siku hiyohiyo alitupoteza Kariakoo. Alisimama njia panda akatafuta jua liko wapi ajue kaskazini, na ghorofa zimeliziba jua, mpaka mwenzetu Shabani, ambaye mjomba wake aliuza ndizi pale, akamshika mkono na kumvusha.

Alikuwa Mlutheri, mwimbaji wa besi kwaya ya usharika, na darasani kwetu wengi tulikuwa Waislamu. Mwezi wa Ramadhani alihamisha kipindi chake kikawa cha asubuhi, kabla njaa haijatukamata, na chai yake akaenda kuinywa nyuma ya ofisi anapodhani hatumuoni. Tulimuona. Alikuwa anakunywa amechuchumaa, harakaharaka, na akirudi amepangusa midomo. Mama yangu aliposikia alimpelekea futari nyumbani kwake, na tangu mwaka ule ikawa desturi, bakuli la muhogo wa nazi linatoka kwetu jioni, na mimi ndiye niliyelibeba.

Sasa nifike kwenye beseni.

Mbali na sinia alikuwa na beseni la plastiki la bluu, amelitoboa tundu katikati ya kitako na kuliziba kwa gunzi. Analiweka juu ya matofali mawili, anamimina maji kwa jagi, anachomoa gunzi. Maji yakitoka yanafanya kizingia, na kizingia hicho siku zote kilizunguka kwa upande wa mishale ya saa. "Mnaona?" anasema. "Dunia hiyo. Huku kusini maji ya beseni yanazunguka hivi. Kaskazini yanazunguka vile." Aliita watoto mbele mmojammoja wamimine wenyewe wachomoe, na maji hayakuwahi kumwangusha. Madarasa na madarasa yalipita pale, kaka zetu na dada zetu, na Kisarawe yote iliyosoma shule ile ilijua kwamba ukiosha vyombo unaiona dunia ikizunguka.

Na mimi ni wa kushoto. Nyumbani bibi alinifundisha kula kwa mkono wa kulia kwa kunifunga kitambaa kwenye ule mwingine, nikajifunza. Kupokea kitu kwa mtu mzima, kusalimia, kumimina maji ya kunawa wageni, vyote kwa kulia, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa kila mtoto wa Kisarawe. Lakini kuandika mama aliniachia. Alisema Mungu hakukosea alipoutia nguvu, na Mwalimu naye hakuwahi kuniuliza. Aliyasifu maandishi yangu. Ramani zangu za darasa la sita alizibandika ukutani.

Ndiyo maana siku alipokuja mkaguzi kutoka wilayani Mwalimu alinichagua mimi. Walimu walikuwa wamefagia mpaka chini ya mawe. Mkaguzi akakaa nyuma, daftari magotini, na Mwalimu akafundisha vizuri kama nilivyowahi kumwona, sinia, unga, gololi, kusi, India, yote. Kisha akaniita kwenye beseni. Nilikuwa na furaha na woga pamoja, na katika woga nilisahau. Jagi nikalishika kwa mkono wangu wenye nguvu, nikamimina nikiwa nimesimama upande wangu mimi, nikachomoa gunzi. Maji yakazunguka kinyume.

Mkaguzi akacheka. Hakucheka vibaya, alicheka tu, akasema kumbe leo tumehamia Ulaya. Darasa likamfuata kucheka. Nilimwangalia Mwalimu, na uso wake sikuwahi kuuona hivyo.

"Rudia," akasema. "Kwa mkono wa adabu."

Nikarudia kwa kulia. Maji yakazunguka kama siku zote. Watu wakapiga makofi, mkaguzi akaandika, na ningeweza kwenda kukaa mambo yakaisha. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha kuuliza nani kaupinda. Nikasema, kwa sauti ambayo nilidhani ni ndogo, "Mwalimu, labda ni mkono. Sio dunia."

Alisubiri mkaguzi aondoke. Akaniita mbele, akaniambia ninyooshe mkono ule, na akanichapa fimbo mbili za kiganja. Hakuwa mtu wa fimbo. Darasa zima walijua hakuwa mtu wa fimbo, kwa hiyo hakuna aliyecheka. Akasema tangu siku ile mkono wa kushoto hauna kazi darasani kwake. Nikaanza kuandika kwa kulia, maandishi yakawa ya kuku, na ramani zangu zikateremshwa ukutani baada ya muda kwa sababu mpya hazikufaa kubandikwa. Futari mwaka ule alibeba mdogo wangu.

Nilimaliza la saba, sikuchaguliwa kwenda sekondari, nikapelekwa kwa shangazi Kibaha kujifunza cherehani. Sisemi ni fimbo mbili zilizonifelisha. Hesabu pia zilikuwa zinanishinda. Ila mpaka leo naandika vipimo vya wateja kwa kulia na nakata kitambaa kwa kushoto, na mara nyingine nikiwa nimeshika mkasi na kalamu pamoja hunijia hasira isiyo na mtu wa kuipokea.

Na pamoja na hasira nilimkumbuka. Hilo ndilo lililonisumbua. Kusi ikianza kuvuma nilimkumbuka. Nikimfundisha mwanangu kazi za shule nilijikuta nasema, gololi haina kosa. Nilitaka siku moja tukutane, aniambie, "Ulikuwa sahihi," na baada ya hapo tuanze kuzungumza kama zamani. Nilishajitungia hata mahali pa kukutania, nikabadilisha mahali hapo mara nyingi.

Shabani ndiye aliyeleta habari. Sasa ni mkulima Gwata, ana watoto wanne, na alikuja kibandani kwangu kuwapimia sare. Akaniuliza kama Mwalimu ameshafika kwangu. Nikamwambia Mwalimu gani. Akashangaa, akakaa, akanisimulia.

Mwalimu alikuwa amestaafu, mkewe amefariki, anakaa Soga kwa binti yake. Alianguka na baiskeli njia ya kwenda kanisani akavunjika mkono wa kulia. Wakamfunga plasta ngumu kuanzia vidole mpaka juu ya kiwiko, wiki nyingi, na siku moja akiwa peke yake alitaka kuonyesha wajukuu lile beseni lake wakirudi shuleni. Akafanya jaribio kwanza. Akamimina kwa kushoto kwa sababu mkono mwingine hakuwa nao, akachomoa gunzi, na maji yakazunguka kinyume. Akajaza tena. Binti yake alimkuta amemaliza maji ya pipa zima, uwanja umekuwa tope, naye amekaa kwenye ngazi. Akamwambia binti yake kwamba dunia haiwezi kuona maji kidogo kama yale. Dunia inageuza bahari na pepo zinazosafiri siku nzima na wiki nzima. Maji ya beseni yanageuzwa na mtu aliyeyamimina, na Kisarawe nzima inamimina kwa kulia.

Plasta ilipotolewa alinunua daftari, akaandika majina ya kila mwanafunzi anayemkumbuka, akaanza kuwatafuta. Alikwenda kwa Shabani huko Gwata kwa bodaboda, beseni limefungwa nyuma kwa mpira. Mke wa Shabani alipomuona mzee wa shati jeupe anashuka na beseni alidhani kuna msiba, akaanza kulia kabla hajaambiwa. Mwalimu akaketi, akakataa chai kwanza, akasema, "Nilikufundisha uongo. Nimekuja kusahihisha." Akamimina kwa kulia, akamimina kwa kushoto, akaeleza, akahakikisha Shabani ameelewa kwa kumuuliza maswali matatu. Kisha akakubali chai, akaweka alama ya vema kwenye daftari, akaondoka. Kwa Shabani ilikuwa kichekesho na ilikuwa jambo kubwa. Alisema hakuna mtu mzima aliyewahi kuja nyumbani kwake kumwambia nilikosea.

Alikuwa ameshafika Kisarawe mjini, Pugu, Mlandizi, na kwa yule aliyesema shetani, ambaye sasa ni mwinjilisti. Wengine hawakulikumbuka beseni kabisa, akawakumbusha kwa nguvu ili awasahihishe. Nikamuuliza Shabani jina langu limo daftarini? Akasema aliliona. La kwanza kabisa, ukurasa wa kwanza, na halikuwa na alama.

Kutoka hapo nikaanza kusubiri. Kibanda nikakipaka rangi. Nikanunua kiti cha wageni chenye mto. Bodaboda ikisimama nje nanyanyua shingo. Mwezi ukapita, na mwingine, mvua za vuli zikaja zikaisha. Nikasikia amekwenda mpaka Bagamoyo kwa mtu aliyesoma shuleni kwetu miezi mitatu tu. Mbwawa na Soga si mbali, mtu anakwenda na kurudi chai haijaisha kwenye chupa. Hasira yangu ya zamani ikapata mwenzake, nikawa nina hasira mbili. Mwisho nikafunga kibanda siku ya kazi nikaenda mwenyewe.

Nilimkuta nje ya nyumba ya binti yake, kwenye kiti cha plastiki, ametazama kule reli mpya inakopita. Amekuwa mdogo. Shati ni jeupe vilevile. Nilikuwa nimejipanga kuwa mkavu, nisalimie, niseme langu, niondoke. Alinitambua kabla sijafika, akanyanyuka kwa kushikilia ukuta.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa."

"Wewe ndiye uliyechelewa," nikasema. Sijawahi kumjibu mtu mzima hivyo, ila lilitoka.

Akacheka, kisha hakucheka tena. Binti yake akaleta kiti na chai. Nikamuuliza Mwalimu moja kwa moja. Umefika Gwata, umefika Pugu, umefika Bagamoyo kwa mtu wa miezi mitatu. Kwangu ndiko karibu kuliko kote. Kwa nini hukufika?

"Kwa wale nilikwenda kusahihisha," akasema. "Niliwapa uongo, nikawapelekea ukweli, kazi ikaisha. Wewe ukweli ulikuwa nao. Nilikuchapa kwa ajili yake. Sasa nije nikuletee nini?"

Akaniambia alifika Mbwawa mara tatu. Alisimama ng'ambo ya barabara, akaniona ninakata kitambaa, na kila mara akageuza bodaboda. Siku ya mkaguzi, alisema, alikuwa ameomba kupandishwa awe mwalimu mkuu, na alipoona maji yale aliogopa, na alipogundua kwamba nimeuliza swali zuri kuliko yote aliyowahi kuulizwa aliogopa zaidi. Swali lenyewe alilisukuma mbali miaka yote, kwa sababu kulijaribu kulihitaji mkono mmoja tu na jagi. Akaweka kikombe chini.

"Nisamehe, mwanangu."

Kwetu mzee akikuomba radhi mdomo hujibu wenyewe. Nikasema, "Hamna neno, Mwalimu, yameshaisha."

Akainua kidole, kilekile cha darasani. "Hiyo ni adabu. Mimi nimeomba jibu. Nenda ukafikiri, uje uniambie."

Nikarudi Mbwawa nikafikiri, ingawa hakukuwa na cha kufikiri. Mwezi uliofuata nikaenda, nimevaa vizuri, jibu ninalo mdomoni. Nikamkuta amenyoa ndevu, kigoda na gurudumu vimetolewa uani, sinia imepakwa unga. Kando ya kiti chake lilikuwapo daftari, na kila jina lilikuwa na alama ya vema isipokuwa langu. Nikakumbuka Shabani alivyosema, aliweka alama akaondoka, na hakurudi tena Gwata. Hakurudi kwa yeyote.

"Umefikiri?"

"Nimefikiri."

"Enhe."

"Bado, Mwalimu."

Sikuona kama amehuzunika. Alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu la mtu makini. "Vizuri," akasema. "Njoo tena." Kisha akaniviringishia gololi.

Nikaenda tena, na tena. Kila mwezi, siku ya Jumatano, wateja wakazoea. Treni ya umeme ikipita alinionyesha, akasema gari lile linakwenda kasi kiasi kwamba dunia inalisukuma kidogo kushoto, kidogo sana, dereva hajui, abiria hajui, reli ndiyo inayojua. Redio ilipotangaza kimbunga kiko baharini kinatuelekea, watu Soga walifunga madirisha, yeye alitoa kiti nje. Akanieleza kwamba vimbunga huuhitaji mzunguko wa dunia ili vijikusanye, na karibu na ikweta nguvu ya kupindisha ni ndogo, kwa hiyo vingi huchoka kabla ya kutufikia. Si vyote, akasema, na akaingiza kiti ndani ilipoanza mvua. Nilimshonea mashati mawili. Alinitaka niandike kwa kushoto, nikaandika, akayatazama maandishi yale kwa muda mrefu. Na kabla sijaondoka, kila mara, aliuliza, nami nikajibu bado, naye akasema njoo tena. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu na nilirudi nyumbani nikiimba.

Mara ya mwisho nilimkuta kitandani. Kifua, alisema binti yake, na akaniambia barazani kwamba baba ameuliza mara mbili kama mwezi umeisha. Chumbani dirisha lilikuwa wazi na pazia, nililolishona mimi, lilikuwa linapepea. Alisema kusi imeanza. Nikasema imeanza. Pumzi zilikuwa fupi, akawa anasema neno na kupumzika.

"Umefikiri?"

Nililijua jibu, na nilijua ni siku ya kulitoa. Lakini nikaona nikilitoa leo nitakuwa nimemwambia kwamba namuona anakwenda, na yeye atafunga daftari. Nilitaka mwezi mwingine. Nilitaka Jumatano nyingine kiti kiwe nje.

"Bado, Mwalimu."

Akafumba macho, akatabasamu. "Njoo tena."

"Nitakuja."

Binti yake alipiga simu Jumapili, watu wakiwa wanatoka ibadani. Tulimzika Soga. Walikuja wanafunzi wengi kiasi kwamba padri wa parokia ya jirani aliuliza kama alikuwa mbunge, na Shabani akamwambia hapana, alikuwa mtu aliyekuja kwetu kusahihisha. Baada ya mazishi binti yake alitaka kunipa daftari nilichukue. Nilishindwa kulipokea.

Nilimsamehe siku ile ya kwanza, chai aliyoleta binti yake haijapoa. Kila mwezi nilipanda bodaboda kwenda Soga na jibu hilo, kila mwezi nikarudi nalo Mbwawa, na hadi leo ninalo.